Mwalimu Aliyeogopa Gogo

Mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwajua alikuwa mwanamke, mwalimu wetu wa ubatizo. Na mtu huyo huyo ndiye peke yake niliyemwona akisimama mbele ya hedimani wa serikali na kumnyima alichotaka. Miaka mingi nimejaribu kuyatia hayo mawili katika kikapu kimoja, na hayakai. Nikiliingiza hili, lile linamwagika. Basi nitasema tu nilivyomjua, na wewe ukielewa, njoo unieleze.

Jina lake sitalitaja, kwa kuwa watoto wa ndugu zake wapo. Sisi tulimwita Mwalimu. Usidhani alikuwa na shule. Siku za kazi alichuma kahawa pamoja nasi katika shamba la mzungu, kati ya Ruiru na Thika, upande wa kuelekea Murera. Jumamosi alasiri aliosha mikono, akavaa kitambaa cheupe kichwani, akafundisha waliotaka kubatizwa katika nyumba ya udongo tuliyoiita kanisa. Mimi alinifundisha mara mbili. Mara ya kwanza nilianguka mtihani, maana katika zile amri kumi nilizitaja tisa, na ile ya kutomshuhudia jirani uongo ikanipotea kabisa.

"Rudi mwaka ujao, Mama Njoki," aliniambia. "Hiyo uliyoisahau itakutafuta yenyewe."

Mdomo wake ulikuwa hivyo, haukupaka mtu mafuta.

Watu wa wokovu wa siku zile walikuwa na desturi ya kuungama mbele ya watu. Huyu anasimama anasema nilimtukana mama mkwe, yule anasema nilichuma mahindi ya jirani, na kila mmoja akimaliza tunaimba. Mwalimu naye alikuwa akisimama kila Jumapili, lakini yeye aliungama woga.

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!"

"Wiki hii nimeogopa kinyonga mara mbili. Jumanne niliogopa ngurumo, nikaingia chini ya kitanda. Alhamisi niliogopa lori la askari, nikajificha nyuma ya mti wa kahawa, na mti wenyewe ulikuwa mwembamba."

Watu tulikuwa tukiangua kicheko, wazee wakikohoa ili tunyamaze. Yeye hacheki. Anamaliza hesabu ya woga wake wote, kisha anaketi na kutazama mbele. Siku moja nilimuuliza, haya, Mwalimu, huoni aibu? Akaniambia woga ni mgeni, na mgeni akibisha hodi huulizwa jina. Ukishamtaja jina mbele za Mungu, unamwambia keti hapo, mimi nina safari. Nikamuuliza kama mgeni huondoka. Akafikiri kidogo. "Wangu huwa haondoki," akasema. "Ananifuata nyuma."

Sasa hayo ndiyo mafundisho gani? Mhubiri aliyetoka Thika alituambia mwenye imani haogopi. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, akasema amina, na kesho yake nikamkuta amesimama katikati ya mistari ya kahawa kama amepigwa msumari. Kinyonga alikuwa kwenye tawi. Mnyapara anapiga kelele, debe la Mwalimu halijafika nusu, na yeye amefumba macho: "Bwana, namwogopa mnyama huyu. Namwogopa macho yake, moja huku, moja kule. Nisaidie nichume." Kisha akanyoosha mkono, akachuma. Kahawa nyingine zikamponyoka, zikaanguka chini. Nilimwondoa yule kinyonga kwa kijiti, maana mimi sina shida na kinyonga. Hakunishukuru. Alisema ningemwacha, kwa sababu alikuwa karibu kumzoea.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mgomvi wa mambo madogo. Ukimwazima chumvi, alikurudishia huku akikuonyesha kwa kidole jinsi ulivyompimia kidogo. Na alivuta ugoro. Wokovu na ugoro, jamani! Kila mwezi aliungama ugoro huo kwa machozi ya kweli, akautupa mkebe wake shimoni, na baada ya siku nne tunamsikia akipiga chafya nyuma ya kanisa. Nilipomkejeli aliniambia, "Mama Njoki, Mungu ameanza na mambo makubwa. Pua bado hajaifikia."

Kuna ile habari ya mbwa, ambayo hata leo watu wanaisimulia vibaya. Ubatizo ulipangwa siku ya kazi, kwa sababu mchungaji alikuwa na siku hiyo tu, na mzungu hakutaka kutuachilia. Wanaume walisema wataenda, hawakwenda. Mwalimu akaenda. Mzungu alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya majivu, tuliyemwogopa sote. Tulisimama mbali, tukamwona Mwalimu anapanda njia ya maua, anasimama, anasema peke yake, anapanda tena. Alipofika barazani tulimsikia, maana sauti yake ilikuwa kali: "Bwana, namwogopa mbwa wako, na wewe pia nakuogopa. Lakini Ijumaa watu wanabatizwa."

Mzungu alicheka sana, akatupa nusu siku. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika Witeithie kwamba Mungu ameufunga mdomo wa mbwa kama alivyoifunga midomo ya simba wa Danieli. Watu wakaja kumpa Mwalimu mkono. Naye akainua sketi, akaonyesha mguu.

"Aliniuma," akasema. "Tazameni. Meno manne."

Haiya! Tuliona aibu kwa niaba yake. Kwa nini asinyamaze tu, watu wamtukuze Mungu? Uongo wenyewe hakuwa ameutunga yeye. Lakini ndivyo alivyokuwa, hakuweza kuacha jambo lisemwe sivyo, hata kama lilimfaa.

Na gogo ndilo lililokuwa baba wa woga wake wote. Kufika mashamba yetu madogo ya chakula ilibidi kuvuka mto, na pa kuvukia palikuwa na gogo moja, limechongwa juu, hakuna pa kushika. Hata mbuzi walilivuka. Mwalimu alifika pale akasimama robo saa nzima. Alimwambia Mungu habari za gogo lile kama mtu anayemshtaki jirani: ni jembamba, linateleza, maji yana kelele. Kisha alivuka, amefumba jicho moja. Alasiri akirudi, anaanza upya.

Ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikipigana na watu wa msituni. Tulitolewa majumbani mwetu, tukarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na handaki hilo tulilichimba wenyewe wanawake, watoto wakiwa mgongoni. Lango lilikuwa moja. Tulitoka kwenda shamba saa chache za mchana, tukirudi tunahesabiwa.

Mwalimu alikorofisha pande zote. Watu wa msituni walimjia wamlishe kiapo, akawaambia anaogopa watamuua, lakini damu aliyokwisha kunywa ni ya Yesu na hawezi kunywa nyingine juu yake. Walimpiga, wakamwacha. Kisha hedimani, aliyekuwa mkubwa wa kijiji kwa upande wa serikali, akamwita amtajie waliomjia. Akamwambia vile vile, anaogopa, lakini hatawataja. Huyo naye akampiga. Jumapili Mwalimu aliungama yote mawili, mapigo ya huku na mapigo ya kule, na wala hatukucheka.

Sasa nifike kwangu, maana nimekuwa nikizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Mume wangu alikuwa hom gadi, mlinzi wa lango. Hakuipenda kazi hiyo, lakini aliishika kwa sababu ilitupa chakula. Na kaka yangu, tumbo moja, alikuwa huko msituni na wenzake. Alileta neno kwa mtu ninayemjua: tunakufa njaa. Ungefanya nini? Nilikuwa nikipeleka samadi ya mbuzi shambani kwa kiondo. Hakuna askari anayetia mkono katika samadi. Nikaweka unga katika mkebe, nikaufunika kwa jani la mgomba, nikajaza samadi juu. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenifungulia lango, akageuza uso kwa sababu ya harufu. Nilifukia mkebe katika nduma, magimbi yaliyo kando ya mto, hatua chache kutoka kwenye gogo. Usiku kaka yangu anauchukua. Nilifanya hivyo mara tatu.

Mara ya nne nilikuwa nimepiga magoti, mikono imo udongoni, mkebe uko wazi kabisa, nikasikia: "Bwana, naliogopa gogo hili." Nikainua kichwa. Mwalimu alikuwa ng'ambo ya pili, amesimama kwenye ncha ya gogo, ananitazama. Nadhani tulitazamana muda wa kukariri Baba Yetu.

"Umeniona nikiogopa," akasema hatimaye.

"Na wewe umeniona," nikasema.

Akavuka. Alipita karibu yangu hata sketi yake ikanigusa bega, na hakusimama.

Nilirudi nyumbani na kiondo kitupu. Ningekuwa nimeonwa na mtu mwingine yeyote, ningejua la kufanya, ningemsihi, ningempa kuku. Lakini huyu ni mtu ambaye Jumapili atasimama na kuungama hata mbwa aliyemuuma! Jumapili nilikaa karibu na mlango, mtoto nimemfunga tayari mgongoni. Mwalimu aliungama ngurumo, ugoro, na gogo. Akaketi. Nikapumua.

Jumatano askari wa doria wakaufukua mkebe, kaka yangu hajaja kuuchukua.

Asubuhi hiyo hiyo hedimani alitukusanya wanawake wote uwanjani, tukaketi chini juani. Hakuna kwenda shamba, hakuna kuteka maji, mpaka mwenye unga apatikane. Tulishinda pale. Kesho yake tukarudishwa tena. Watoto walilia mpaka wakachoka, na mwanamke mmoja mjamzito akaanguka. Nilitaka kusema, naapa nilitaka, lakini nilimwona mume wangu pale langoni na bunduki yake, nikajua wangeanza naye, kwa kuwa ndiye aliyenipitisha. Kila nilipofungua mdomo, aliingia yeye humo.

Siku ya pili mchana hedimani akapata akili. Alitembea kati yetu mpaka mbele ya Mwalimu.

"Wewe husemi uongo," akamwambia. "Kila mtu anajua. Hata mbwa wa mzungu ulimsema. Simama. Umemwona aliyeweka unga?"

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokwama maisha yangu yote. Mwanamke huyu alikuwa hajasema uongo mbele yetu hata siku moja. Kama angesema "sikumwona," hedimani angeamini. Angeamini kabisa, angetuachilia tukanywe maji. Uongo wa mtu mwingine haukufaa kitu siku ile, lakini wake mmoja ungetuokoa sote, na yeye pia. Alikuwa ameuwekea akiba miaka yote. Nilimwomba Mungu, mimi mwenye unga wangu, nikamwambia, Mungu, mpe uongo mmoja tu.

Mwalimu alisimama. Nikaona mkojo unamtiririka mguuni, kwenye lile kovu la mbwa.

"Mzee, naogopa sana," akasema. "Unaona mwenyewe. Nimemwona. Sitamtaja."

Wui! Wanawake waliguna wote pamoja. Sitaeleza alivyopigwa. Mtoto wangu alikuwa akinyonya, nikamfunika macho kana kwamba anaelewa. Mwalimu hakunitazama hata mara moja, na nimewahi kulala nikiwaza kwamba hakunitazama kwa kunificha, na siku nyingine kwamba hakunitazama kwa kunidharau. Lori likaja, likamchukua kwenda Thika, na kutoka Thika kambi ya mbali. Sisi tukaachiliwa tukateke maji.

Kaka yangu hakurudi. Hilo nalo niliseme liishe.

Watu hawapendi jambo lisilo na mwisho, kwa hiyo kijijini walilitafutia mwisho. Walisema unga ulikuwa wa Mwalimu mwenyewe. Walisema yule mtu wa kweli, kumbe alikuwa na mikono miwili, mmoja wa Biblia na mmoja wa unga. Wazee wa kanisa wakakata jina lake, si kwa ajili ya unga wenyewe, bali kwa unafiki. Mimi nilikuwa nimeketi pale wakilikata. Nilikuwa nimeshabatizwa wakati huo, na amri zote kumi nilikuwa nazijua.

Aliporudi, miaka ilikuwa imepita na lango la kijiji lilikuwa halifungwi tena. Sikwenda kumsalimu. Nilisikia amekonda, na sikio la kushoto halisikii. Nilisikia pia kwamba wazee wamemwambia hatashiriki mkate mpaka aungame unga. Naye hawezi kuungama lisilo lake, na hataki kusema ni la nani. Basi kila Jumapili alikuja na kitambaa chake cheupe, akaketi nje kwenye jiwe chini ya dirisha, akaimba nasi kupitia ukutani. Sauti yake haikuwahi kukaa kwenye wimbo, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Wiki saba nilimsikia.

Wiki ya nane nilikwenda shambani, na nilipofika mtoni nilimkuta. Alikuwa kwenye ncha ya gogo, amebeba mzigo wa majani ya viazi, amesimama. Kicheko kilinitoka kabla ya aibu.

"Mwalimu! Umetoka kambini, na bado unaliogopa gogo?"

Aligeuza sikio la kulia, nikarudia.

"Kambini hakukuwa na gogo," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kumwomba radhi, na badala yake nikamfokea. Nilimwambia ungesema hukuniona! Neno moja! Ungekuwa na sikio lako, ungekuwa ndani ya kanisa, na mimi ningelala usingizi. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ilikuwa ya nani.

Alitua mzigo.

"Unadhani sikuutaka?" akasema. "Nilimwomba Mungu pale pale anipe uongo. Nilikuwa tayari, Mama Njoki. Nikafungua mdomo nikiwa na 'sikumwona' kwenye ulimi. Likatoka lile lililotoka."

"Ina maana Mungu ndiye aliyekunyima?"

"Sijui. Nimemuuliza sana huko. Hajajibu."

"Na bado unamwamini?"

"Ninamwogopa kidogo," akasema. "Nimemwambia. Shika mkono, tuvuke."

Nilitangulia kinyumenyume, nikimshika mikono yote miwili, yake ilikuwa imelowa jasho. Katikati alisimama kunong'ona mambo yake na Mungu: jembamba, linateleza, kelele. Kisha akaniambia, "Na wewe? Mgeni wako anaitwa nani?" Nilimvusha, nikarudi kumchukulia mzigo.

Jumapili ile nilisimama. Sikuhisi imani yoyote, nisikudanganye. Watu husimulia moto kifuani, amani kama maji. Mimi nilihisi kanga yangu imelegea kiunoni, nikawaza itaanguka mbele ya wazee. Mume wangu alikuwa benchi la mbele. Niliposema Bwana asifiwe, wakaitikia.

"Naogopa," nikasema. "Namwogopa mume wangu. Nawaogopa ninyi. Magoti yangu yanatetemeka, mnayaona. Ule unga ulikuwa wangu. Mwalimu aliniona, na hajawahi kuwa na unga."

Hakuna aliyeimba. Mume wangu aliinuka akatoka nje, na hakusema nami mpaka mvua za masika zikaanza. Mzee mmoja alifungua kitabu, akakifunga. Kisha mwingine akaenda dirishani, akamwita Mwalimu kwa jina lake lote.

Alikuja hadi mlangoni. Kizingiti kilikuwa ubao tu, urefu wa vidole vitatu. Alisimama hapo na kitambaa chake, watu wote wamegeuka wanamtazama, na nikaona midomo yake imeanza kwenda: Bwana, naogopa. Nikatoka kwenye benchi, nikaenda nikamshika mikono yote miwili.